Kamba au Mashine? Maswali Yenu Kuhusu Kukausha Nguo

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: nguo zilizokwisha kufuliwa lakini hazitaki kukauka, au zimekauka vibaya. Tumechagua zile zinazogusa wengi, na waliouliza jambo moja kwa maneno tofauti tumewajibu pamoja.

SWALI: Tumehamia ghorofa ya nne na uwanja wa kuanikia hatuna, ni kibaraza tu. Mume wangu anataka tununue mashine ya kukaushia, mimi nahofia umeme. Inakula kiasi gani, na aina ipi ina nafuu?

JIBU: Hofu yako ina msingi, dada. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunataka karibu theluthi mbili za uniti moja ya umeme, hata pasipotee joto lolote. Mashine nayo hupoteza, kwa sababu inapasha moto pipa, hewa na chumba kizima. Kwa hiyo ile ya kawaida ukiihesabia uniti moja kwa kila lita ya maji iliyomo kwenye nguo, hutakuwa mbali na ukweli. Kinachobaki ni kujua nguo zako zinaingia humo na lita ngapi, na hilo linaamuliwa na mashine ya kufulia.

Chukua mzigo wa pamba wenye kilo 7 ukiwa mkavu. Ukikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika hutoka na maji yanayokaribia asilimia 70 ya uzito wake, yaani lita 4.9. Kwa mizunguko 1,000 hubaki asilimia 60 hivi, lita 4.2. Kwa 1,400 hushuka hadi asilimia 50, lita 3.5. Kati ya 800 na 1,400 umeokoa lita 1.4, ambazo mashine ya kukaushia ingezitolea zaidi ya uniti moja, ilhali mota ya kufulia imeongeza umeme kidogo mno kwa dakika chache za kukamua. Pamba iliyokamuliwa kwa mkono huweza kubaki na maji yanayokaribia uzito wake wote. Kuitia hiyo kwenye mashine ya kukaushia ni kuchoma pesa. Kama mnafua kwa mkono, mashine ndogo ya kukamua peke yake itawafaa kuliko ya kukaushia, na faida yake mtaiona hata kwenye kamba.

Aina ziko tatu. Ya kwanza hutoa hewa yenye mvuke nje kwa bomba. Ni ya haraka na bei yake ya kununua ni ndogo, lakini inataka tundu ukutani. Ya pili huugeuza mvuke kuwa maji na kuyakusanya kwenye tangi la kumwaga. Haihitaji tundu, ila umeme wake ni uleule au zaidi kidogo, na chumba kinapata joto. Ya tatu ni yenye pampu ya joto. Hii huliokota joto la mvuke pale mvuke unapogeuka maji, ikalirudisha kwenye hewa inayoingia tena katika pipa. Ndiyo maana mzigo wa kilo 8 inaweza kuumaliza kwa uniti 2 hivi, wakati aina ya pili hutaka 4 hadi 5. Bei yake ya kununua ni kubwa, na ina mwendo wa kobe: saa mbili na nusu, hata tatu. Joto lake dogo hata hivyo ni neema kwa nguo.

Kwa kibaraza cha ghorofani, anzeni na kukamua vizuri, nunueni kichanja cha kukunja, na pasipo na upepo wekeni feni. Feni ya wati 50 ikizunguka saa sita inakula uniti 0.3. Mkimaliza msimu mzima mkaona bado nguo zinawashinda, ndipo mkanunue mashine, na iwe ya pampu ya joto.

SWALI: Taulo zangu nikizianua zinasimama zenyewe kama ubao. Nimebadilisha sabuni mara tatu. Tatizo ni jua kali?

JIBU: Jua linasingiziwa. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Kao na Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walieleza kwamba kiasi kidogo cha maji kinachobaki kimeng'ang'ania uso wa nyuzi za pamba hufanya kazi ya gundi, kikiunganisha uzi na uzi wa jirani. Taulo likikauka limetulia, gundi hiyo hushika. Likikauka huku linachezwa na upepo au linarushwa ndani ya pipa, viungo vinavunjwa kabla ya kukomaa. Juu ya hapo ongeza sabuni isiyosuuzika na chokaa ya maji magumu, ambazo nazo hugandia kwenye nyuzi.

Punguza sabuni kwanza. Povu likionekana kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, ujue ilizidi. Katika maji hayo ya mwisho tia siki nyeupe nusu kikombe, kama mililita 100, ili ichukue chokaa. Siki na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo visikutane kabisa, maana huzaa gesi ya sumu. Halafu kabla ya kuanika, shika taulo kwa pembe mbili za upande mfupi ulikung'ute kwa nguvu kama mara kumi, mpaka lipige mlio. Geuza ushike upande wa pili, rudia. Litazame kwa karibu: vile vitanzi vidogo vya uzi vilivyokuwa vimelala vimeshikana vitakuwa vimesimama kimoja kimoja. Ukilianua, lisugue mikononi kidogo kabla ya kulikunja. Mwenye mashine ya kukaushia anaweza kulitia dakika 10 tu baada ya kamba, na litatoka laini kama lililokaushwa humo tangu mwanzo.

Kilainishi cha nguo kiache kwa taulo. Kinavipaka vile vitanzi utando wa mafuta, taulo linakuwa laini mkononi lakini linasukuma maji badala ya kuyanywa.

SWALI: Nimefunga kamba ya naironi mwenyewe kati ya nguzo mbili za chuma, mita 6. Kila nikiikaza, baada ya wiki mbili inafanya tumbo, na sasa nguzo moja imeinama. Ninunue waya mnene zaidi?

JIBU: Usikaze tena, ndugu yetu, kwa sababu unavyozidi kuikaza ndivyo unavyozing'oa nguzo. Hesabu yake ni rahisi: zidisha uzito wa nguo kwa urefu wa kamba, kisha gawanya kwa mara nane ya kina cha tumbo. Nguo mbichi za kilo 12 zikienea sawasawa kwenye mita 6, na tumbo likiwa sentimita 30, kila nguzo inavutwa kama kwa uzito wa kilo 30. Tumbo likiwa sentimita 15, ni kilo 60. Ukiikaza hadi tumbo libaki sentimita 5, ni kilo 180, na hapo huhitaji kuuliza kwa nini nguzo imeinama. Waya mnene hautabadilisha hesabu hii, utahamisha tu mahali pa kuvunjika kutoka kwenye kamba hadi kwenye zege.

Dawa ni mwega wa katikati: mti au bomba lenye panda juu, linaloinua kamba. Ukigawa mita 6 kuwa vipande viwili vya mita 3, kila kipande kinabeba kilo 6, na tumbo lilelile la sentimita 15 linavuta kilo 15 badala ya 60. Mwega uwe mrefu kuliko kimo cha kamba kutoka ardhini kwa sentimita 20 hadi 30. Unaanika kamba ikiwa chini, usawa wa kifua, bila kunyanyua mikono. Ukimaliza unasimamisha mwega, nguo zinapanda kwenye upepo. Ncha ya chini ichongwe au ivikwe mpira ili isiteleze.

Nguzo iliyoinama ichimbue. Shimo liwe na kina cha sentimita 70 na upana wa 30, chini utie kokoto sentimita 10 ili maji yasituame na kuozesha chuma. Bomba la milimita 50 lenye urefu wa mita 2.7 litabaki na mita 2.1 juu ya ardhi. Zege liwe la sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Likiwa bado bichi, ilaze nguzo nje kidogo, sentimita 2 au 3 pale juu, ili ikivutwa ije wima. Kisha subiri siku saba kabla ya kufunga kamba. Wengi huanika kesho yake, na nguzo hulegea kabla haijaanza kazi.

Kuhusu kamba yenyewe: naironi huvutika, na ikilowa huvutika zaidi, ndiyo hilo tumbo linalorudi. Polipropilini haivutiki sana lakini jua huila. Ukiona inaacha unga na vijinyuzi vinachoma vidole, ibadilishe. Inayodumu ni waya wa chuma uliovikwa plastiki, mradi uangalie ncha zake, kwa kuwa kutu huanzia pale plastiki ilipokatwa ikatambaa ndani, na siku moja shuka jeupe linapata mstari wa kahawia. Ncha moja funga moja kwa moja, nyingine weka skrubu ya kukazia. Kila kabla ya kuanika ipitishie kitambaa kibichi, utashangaa kinavyotoka cheusi.

Na mizigo mizito, kama jinzi na mablanketi, ianike karibu na nguzo. Katikati weka fulana na soksi.

SWALI: Msimu wa mvua naanika ndani. Nguo zinakauka, lakini zina uvundo, na nikizivaa nikatoka jasho harufu inarudi maradufu. Sabuni yenye manukato haisaidii.

JIBU: Haitasaidia, kwa kuwa anayenuka yumo hai ndani ya kitambaa. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walimtambua bakteria aitwaye Moraxella osloensis kuwa chanzo kikubwa cha harufu hii. Anakula mabaki ya jasho na mafuta ya mwili, na nguo ikikaa mbichi muda mrefu hutoa asidi yenye ule uvundo unaoujua. Kukauka hakumuui. Analala, ukitoka jasho anaamka.

Kwa hiyo kwanza muondoe. Nguo za pamba ziloweke saa moja kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 60, lita 5 kwa vijiko vikubwa viwili vya unga wa sodiamu pakaboneti, ile dawa ya madoa inayotoa oksijeni. Vaa glavu, tumia ndoo iliyo wazi kwa sababu gesi yake huweza kupasua chombo kilichofungwa, kisha fua kama kawaida. Sufu na hariri usizitie humo. Kagua pia mpira wa mlango wa mashine ya kufulia. Ukiukunja ukakuta ute mweusi, ndipo nguo safi zinapopakwa upya.

Baada ya hapo mchezo wote ni wa muda. Lenga nguo zikauke ndani ya saa tano au sita. Zisilale ndani ya mashine baada ya kufuliwa. Weka kengele ya simu. Anika kwa kupishanisha ndefu na fupi, kati ya nguo na nguo ipite ngumi. Feni ielekezwe kutoka pembeni ili hewa ipite kati ya safu, maana ikipiga usoni nguo za mbele hukauka na za nyuma hubaki. Mlango wa chumba ufungwe, dirisha lifunguliwe: mzigo mmoja unaachia lita tatu au nne za maji hewani, na yasipotoka nje yatakwenda kukaa kwenye kuta za vyumba vingine, yaote ukungu nyuma ya makabati. Jinzi igeuzwe ndani nje, mifuko itolewe, kiuno kibanwe kwa vibanio vinne kikiwa wazi kama mdomo wa bomba ili hewa ishuke hadi miguuni. Sweta lenye kofia lianikwe kichwa chini, kofia ining'inie peke yake. Likianikwa kwa mabega, kofia hulala mgongoni na pale ndipo uvundo huanzia.

SWALI: Nguo za rangi zinapauka kwenye kamba. Kuna namna ya kuzuia?

JIBU: Zigeuze ndani nje, zianike kivulini penye upepo, na zianue zikikauka tu. Upepo ndio unaofanya kazi kubwa. Jua ni msaidizi. Nyeupe za pamba ziache juani. Hariri na naironi nyeupe zitoe, jua huzitia umanjano.

SWALI: Mashine yetu ya kukaushia, ile yenye bomba la kutoa hewa nje, ina miaka mitatu. Zamani ilimaliza kwa saa moja. Siku hizi saa mbili, na jinzi bado zina unyevu kiunoni. Fundi anasema tubadilishe koili, ule waya wa kupasha joto. Tumwamini?

JIBU: Msimlipe bado. Koili ikikatika, kwa kawaida hewa hutoka baridi kabisa. Kama ndani ya pipa kuna joto, shaka iwe juu ya hewa: joto lipo lakini mvuke haupati njia ya kutoka, kwa hiyo nguo zinachemka kwenye unyevu wao wenyewe.

Anzeni na kichujio cha manyoya ya nguo, kile cha wavu mlangoni. Bila shaka mnakikung'uta kila mzigo, na kama hamfanyi hivyo anzeni leo. Lakini kuna uchafu usioonekana. Kichukueni kikiwa kimesafishwa, mkielekeze kwenye mwanga, kitaonekana kisafi. Sasa mimineni maji juu yake. Maji yakipita, sawa. Yakituama kama kwenye sahani, wavu umezibwa na utando wa kilainishi, na hewa nayo inakwama vivyo hivyo. Uoshwe kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, ukauke, ndipo urudishwe.

Kisha bomba. Mashine ikiwa inazunguka, mmoja atoke nje aende pale hewa inapotokea. Kifuniko kinatakiwa kiwe kimefunguka na hewa ipige mkono kwa nguvu. Ikiwa inapumua kwa shida, zimeni, chomoeni plagi, vuteni mashine mbele. Mara nyingi utakuta bomba la kujikunja limebanwa kati ya mashine na ukuta, au limejaa manyoya kwenye kona. Lisafisheni kwa brashi ndefu pande zote mbili. Kama ni la plastiki, libadilisheni: linalofaa ni la chuma lenye uso laini, kipenyo milimita 100, fupi na lenye kona chache. Maungio yafungwe kwa utepe wa alumini. Skrubu zisitumike, kwa sababu ncha zake ndani hukamata manyoya. Wala msiweke wavu wa kuzuia wadudu kwenye mdomo wa nje, huziba ndani ya wiki chache.

Mkitaka uhakika, na mashine ni ya umeme, iwasheni dakika chache bila bomba huku dirisha likiwa wazi. Hewa ikitoka kwa kasi nyuma ya mashine ilhali nje ilikuwa dhaifu, mwizi ni bomba. Jaribio hilo lisifanywe kamwe kwa mashine ya gesi, kwani moshi wake una kaboni monoksidi, gesi inayoua bila kunuka.

Kiuno cha jinzi ni jambo jingine. Ndani ya pipa, karibu na kichujio, kuna vipande viwili vya chuma kama virula vifupi. Nguo mbichi ikivigusa vyote viwili inapitisha umeme mdogo, mashine inajua bado kuna maji. Mkichanganya jinzi na mashati mepesi, mashati yanakauka mapema na ndiyo yanayogusa mara nyingi zaidi, kwa hiyo mashine inaamini kazi imekwisha. Kausheni nzito peke yake, pipa lisizidi theluthi mbili, na katikati ya mzunguko geuzeni jinzi. Vile vipande vifuteni kwa spiriti kila baada ya miezi michache. Vikiwa na utando wa kilainishi, mashine huzima nguo zikiwa mbichi.

Wenye mashine za tangi la maji hawana bomba, ila wana kifaa cha kupoozea mvuke chini mbele. Kama kinatoka, kichomoeni mkioshe bombani kila mwezi. Kwenye za pampu ya joto mara nyingi hakitoki. Mapezi yake, vile vibati vyembamba vilivyopangana, yapigwe brashi laini kwa kufuata urefu wake, maana yakipigwa kwa kukatiza hupinda na kuziba yenyewe.

Yote hayo yakiwa sawa na hewa bado baridi, ndipo fundi apime koili na fyuzi ya joto kwa mita. Fyuzi ikikutwa imekatika, muulizeni ilikatika kwa nini. Hukatwa na joto lililozidi, na joto huzidi bomba likiziba. Akibadilisha fyuzi akaacha bomba, mtamwita tena.

SWALI: Sweta la sufu liliingia kwenye mashine likatoka la mtoto. Fulana za pamba nazo zimefupika. Kwani lebo inasemaje?

JIBU: Lebo inasema kwa mraba. Mraba wenye duara ndani ni mashine ya kukaushia: nukta moja ni joto dogo, mwisho nyuzi 60, nukta mbili ni la kawaida, mwisho nyuzi 80, ukikatwa kwa msalaba, isiingie. Mraba wenye mstari mmoja wa wima ni anika kwenye kamba, mistari miwili ya wima ni anika ikidondoka maji bila kukamua, mstari wa kulala ni tandaza bapa. Ukiona na mstari wa mshazari pembeni juu, iwe kivulini.

Sweta hilo halirudi. Uzi wa sufu una magamba madogo. Unyevu, joto na kugongwagongwa huyafanya yashikane kama meno ya zipu, na kitambaa kinakuwa kizito. Sufu inaviringishwa ndani ya taulo kavu, inakandamizwa bila kusokotwa, kisha inatandazwa bapa. Ukiitundika ikiwa mbichi, uzito wa maji utairefusha hadi magotini.

Fulana zina afadhali. Uzi wa pamba ulivutwa kiwandani wakati wa kufumwa, na maji pamoja na kurushwa huuachia ujirudie. Ziloweshe, zivute taratibu kwa urefu zikiwa mbichi, zianike kwa pindo la chini. Sehemu fulani ya urefu hurudi. Kuzianika kwa pindo pia kunaepusha zile alama za vibanio kwenye mabega. Chochote chenye elastiki, kama soksi, sidiria na nguo za mazoezi, kitoe kwenye joto kabisa. Elastiki iliyochoka kwa joto haifufuki.

SWALI: Ni kweli mashine hizi huwaka moto, au ni maneno ya watu?

JIBU: Ni kweli. Mamlaka ya zimamoto ya Marekani imewahi kukadiria mioto 2,900 hivi ya mashine hizi majumbani kwa mwaka, na chanzo kilichoongoza ni kutosafishwa. Manyoya ya nguo ni pamba iliyochambuliwa tayari. Ukitaka kujua yanavyoshika moto, fikiria kiberiti na sufi.

Hatari ambayo watu hawaijui ni mafuta. Vitambaa vya jikoni, taulo za kukandia mwili na nguo za gereji hubaki na mafuta hata baada ya kufuliwa. Yakipata joto huanza kuungana na oksijeni na kuzalisha joto lake yenyewe, na lundo la nguo hulifunika lisitoke. Nguo huweza kuwaka saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa, zikiwa zimekunjwa kwenye kapu. Hizo zote zianikwe. Na zile dakika za mwisho ambapo mashine inazunguka bila joto usizikatishe, zimewekwa ili kupoza mzigo. Ukilazimika kuzima katikati, toa nguo zote mara moja uzitandaze.

Mashine nyingi za aina hii, zisizo za pampu ya joto, huvuta wati 2,000 na zaidi. Plagi yake iende ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba itayeyuka kabla hujasikia harufu. Na usiiwashe ukalala au ukatoka.

SWALI: Tuna mashine moja inayofua na kukausha, imeandikwa kilo 8. Nguo hutoka za moto lakini mbichi.

JIBU: Hizo kilo 8 ni za kufua. Tafuta namba ya pili, aghalabu ni 5 au pungufu, hiyo ndiyo ya kukausha. Ukiisha kufua, toa karibu nusu uianike, iliyobaki ndiyo ikaushwe.

SWALI: Duveti la manyoya ya bata limekauka kwa nje, ndani lina mabonge. Nilianike juani siku ngapi?

JIBU: Hili ni moja ya machache ambayo mashine inaishinda kamba waziwazi. Manyoya yakilowa hugandamana, na bila kurushwa hukauka yakiwa donge lenye unyevu moyoni, ambao ndani ya siku chache hunuka. Tafuta pipa kubwa ambalo duveti likiingia linabaki na nafasi ya kuanguka, hata kama ni la dobi. Tia mipira miwili au mitatu ya tenisi iliyo safi, joto liwe dogo, na kila baada ya nusu saa litoe, litikise, yavunje mabonge kwa vidole ukianzia pembeni. Inaweza kuchukua mizunguko mitatu au minne.

Huna mashine? Litandaze bapa juu ya kamba mbili au tatu zilizo sambamba, siku ya upepo, na uligeuze kila saa huku ukiyavunja mabonge hivyohivyo. Jioni liingize kabla umande haujashuka, kesho lirudi nje. Kujua kama limekauka, finya pembe zake nne karibu na shavu: penye unyevu patakuwa baridi kuliko pengine.